Muulize Mzee wa Marisau: "Muuzaji aliniambia ni bunduki ya watoto"

Kila mwaka ikifika Agosti barua za ukurasa huu hubadilika. Miezi mingine mnaniuliza habari za leseni, kutu na mbwa. Agosti ni risasi tu, kwa sababu tarehe 1 Septemba msimu wa njiwa unafunguliwa sehemu kubwa ya Texas hapa, na Waswahili waliohamia huku wameupenda mchezo huo kuliko nilivyotarajia. Safari hii barua nyingi zimekuja za bunduki ndogo: 410, geji 28, geji 20. (Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikipanda mtutu unapungua; 410 ndiyo nyembamba kuliko zote hizo.) Nimezichagua chache, na nimezipunguza pale zilipokuwa ndefu.

Kwa wageni wa ukurasa: nilikuwa askari wanyamapori Tanzania kwa miaka 23, na sasa naishi Houston kwa binti yangu. Siku nne kwa wiki napakia visahani, vile vya udongo vinavyorushwa hewani ili vipigwe, kwenye mashine katika kiwanja cha shabaha. Kazi ya kupakia visahani inakufundisha jambo moja: unaona nani anakosa, na unapata nafasi ya kutosha ya kukaa ukiwaza kwa nini.

*

Shikamoo Mzee. Mimi ni Mkongo wa Uvira, niko Abilene, Texas, huu mwaka wa saba. Mwanangu ana miaka 12, amemaliza kozi ya uwindaji na cheti anacho. Nilimnunulia 410 ya mtutu mmoja kwa kuwa muuzaji aliniambia ni bunduki ya watoto, haipigi bega. Mwaka jana siku ya kwanza alimaliza kasha zima la risasi 25 za inchi 2½, namba 6, akapata njiwa mmoja, na huyo alikuwa ametua kwenye waya. Mwaka huu hataki kwenda. Nimnunulie risasi zipi, za inchi 3 au za inchi 2½? Namba 9 au namba 6? – Baba Kijana, Abilene

Marahaba, Baba Kijana. Kwanza huyo wa kwenye waya tumsamehe, lakini asirudie. Waya ni mali ya watu, na marisau, zile chembe zinazotoka kwenye risasi, yakishapita njiwa hayarudi.

Sasa sikiliza. Muuzaji hakukudanganya kwa makusudi. Alikuambia yale anayoambiwa kila mtu. Lakini 410 ni bunduki ya mtu mzima aliyekwisha kujua kupiga. Mtoto unampa 410 kama vile unavyompa mtu anayejifunza kuogelea mto wenye mawe.

Nyumbani ulishawahi kuwatupia kuku mtama. Ukitupa chopa, yaani viganja viwili vilivyojaa, kila kuku anapata. Ukitupa konzi moja, kuku wa pembeni anabaki kushangaa. 410 inatupa konzi. Hesabu ni hii, na ukishaijua hutahitaji kuniuliza tena habari za namba.

Risau lina namba, na namba ikipanda chembe inapungua unene. Kwa namba za Kimarekani kuna ujanja wa zamani: toa namba kwenye 17, kinachobaki ni unene kwa sehemu za mia za inchi. Namba 9 inabakiza 8, yaani kama milimita 2. Namba 6 inabakiza 11, yaani karibu milimita 2.8. Namba 7½ iko katikati, milimita 2.4. Aunsi moja ya marisau ya kawaida, yale ya madini ya risasi, yaani gramu 28, ina chembe kama 585 za namba 9, au 410 za namba 8, au 350 za namba 7½, au 225 tu za namba 6.

Risasi ya 410 ya inchi 2½ inabeba nusu aunsi. Kwa hiyo ulipomnunulia mwanao namba 6, alikuwa anarusha chembe kama 112. Njiwa wa huku ni mdogo kama tetere wa kwetu. Ukitandaza chembe 112 kwenye duara la upana wa sentimita 75, umbali wa mita 25, kuna matundu ambayo tetere anapita bila kuguswa unyoya, hata kama kijana alilenga sawasawa. Hapo ndipo mtoto anapokata tamaa. Amefanya yote aliyofundishwa, njiwa anakwenda zake, na baba anamwambia "ulichelewa". Hakuchelewa. Ulimpa konzi.

Namba 9, ambayo nusu aunsi inatoa karibu 290, ni risasi ya visahani. Kisahani kinavunjika kwa kuguswa na chembe mbili tatu. Njiwa si kisahani. Chembe ya milimita 2 ikishasafiri mita 25 imechoka, inamjeruhi akaenda kufia mbali. Mimi hiyo siikubali. Mnyama akipigwa apatikane.

Kwa hiyo kwa 410 mliyonayo: angalia kwanza pembeni mwa mtutu. Ikiwa imeandikwa inchi 3, mnunulie za inchi 3, marisau ya namba 7½, uzito wa 11/16 ya aunsi. Hapo anapata chembe kama 240. Ikiwa imeandikwa 2½ basi ni 2½, hakuna mjadala, na sababu nitamwandikia Mama wa Iringa hapo chini. Isome na wewe. Na mwekee mpaka: mita 20, hatua ndefu ishirini na kitu. Msimike fimbo shambani kabla ya jua kutoka, na njiwa aliye nje ya fimbo ni wa jirani.

Lakini ungekuwa mwanangu ningekuambia uiweke hiyo 410 kabatini, umtafutie geji 20 ya gesi, ile inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya moshi wa baruti, yenye kitako kifupi. Risasi yake nyepesi ni 7/8 ya aunsi. Ukiweka namba 8 anapata karibu chembe 360, mara tatu ya zile za mwaka jana. Kuhusu bega: 410 ya mtutu mmoja mara nyingi ni nyepesi kama jembe, na bunduki nyepesi inarusha teke hata kwa risasi ndogo. Ile ya gesi ni nzito kidogo, na sehemu ya teke inamezwa na mtambo. Ikiwa inapokea risasi nyingi, hakikisha ina kile kizibo kinachoizuia isibebe zaidi ya tatu kwa jumla, maana kwa njiwa sheria ya Marekani yote inataka hivyo.

Ungeuliza geji 28 je? Ningetabasamu. Hiyo ndiyo bunduki ninayoipenda mwenyewe. Inabeba ¾ ya aunsi, na kwa namba 8 ni chembe kama 307. Kwa karatasi unaona haijaizidi sana 410 ya inchi 3, lakini karatasi hainusi baruti. Mtutu wa 410 una upana wa milimita 10.4 tu. Ukilijaza humo fungu lile lile la marisau linakuwa refu kama soseji, chembe za chini zinabanwa na zile za juu, zinabonyea, na chembe iliyobonyea haiendi moja kwa moja. Mtutu wa 28 una milimita 14, fungu lake linakaa fupi na pana, chembe zinatoka zikiwa bado mviringo. Nimewaona watu wa makamo wakivunja visahani kwa 28 mpaka wenye geji 12 wanakuja kuuliza wanachotia ndani. Tatizo ni mfuko: risasi za 28 ni ghali, na maduka madogo hayana. Geji 20 utaipata hata kwenye duka linalouza maziwa.

Kabla ya tarehe 1 fanya hivi. Chukua karatasi pana, yale magazeti ya matangazo yanatosha, yaunganishe kwa gundi. Weka nukta katikati, simama mita 20, piga moja. Chora duara la sentimita 75 mahali palipojaa zaidi, hesabu matundu. Mpe kijana kalamu ahesabu yeye. Kisha rudi mita 30 mfanye tena na karatasi mpya. Hapo ataona kwa macho yake kwamba kosa halikuwa lake, na nadhani atataka kwenda.

*

Mzee, nasoma chuo Ohio kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki yangu Mmarekani anataka kunipa risasi za geji 20 nimtunzie kwenye chumba changu, eti twende sungura wikendi. Kuna shida? – Mwanafunzi

Ipo. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda kushika bunduki, na risasi pia, hata moja iliyosahaulika kwenye koti. Kuna mlango mmoja unaojulikana sana, wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote hapa. Ikate kwanza leseni, itembee nayo mfukoni, halafu muulize mwanasheria wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla hujagusa kitu. Huyo Abilene ana makazi ya kudumu, habari yake ni tofauti na yako. Risasi za rafiki zirudi kwa rafiki leo.

*

Shikamoo Mzee. Marehemu mume wangu aliacha bunduki ndogo inayokunjika katikati, mtutu mmoja, imeandikwa 410. Juu ya kabati nimekuta kasha la risasi zenye ganda la karatasi. Ngedere wanamaliza mahindi yangu. Kijana wa jirani anasema yuko tayari kunisaidia, na anajua mahali pa kupata risasi nyingine ndefu zaidi zenye nguvu. Tutumie zipi? – Mama wa Iringa

Marahaba mama, na pole kwa msiba.

Zisitumike zozote. Na huyo kijana asiiguse.

Nianze na la sheria, ingawa si ulichouliza. Silaha hairithiwi kama ng'ombe. Leseni ni ya mtu, na mwenyewe akishaondoka bunduki ndani ya nyumba haina mwenyewe mbele ya serikali. Usiibebe kwenye daladala. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, ukiwa na cheti cha kifo, uwaeleze, waje waichukue au wakuelekeze namna ya kuifikisha, nawe upewe maandishi. Ukitaka baadaye kuimiliki wewe, unaomba upya kwa jina lako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nimeona wajane wakisumbuliwa kwa kitu kilichokuwa kinapata vumbi tu juu ya kabati.

Sasa kuhusu hizo risasi "ndefu zenye nguvu", na hapa Baba Kijana asogee karibu. 410 za zamani zilitengenezwa kwa urefu mbalimbali wa chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi: inchi 2, inchi 2½, na za karibuni inchi 3. Watu husema, "Mbona risasi inaingia vizuri na bunduki inafunga?" Itaingia. Urefu unaoandikwa kwenye ganda ni urefu wake likishapigwa na mdomo wake kufunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, kwa hiyo risasi ya inchi 3 inalala kwenye chemba ya 2½ kama iko kwao. Ukivuta kifyatuo, mdomo unakunjuka ndani ya sehemu ambayo mtutu umeshaanza kubana, marisau yanapita kwa kusukumana, na shinikizo linapanda. Na 410 ya inchi 3 si risasi pole: viwango vya Marekani vinairuhusu shinikizo kubwa kuliko hata geji 12 ya kawaida, 13,500 dhidi ya 11,500 kwa kipimo chao. Unaiweka hiyo kwenye bunduki ya kukunjika ya miaka hamsini au sitini iliyopita, yenye bawaba iliyokwisha kulegea, karibu na shavu la mtoto wa mtu.

Za karatasi nazo zimekunywa unyevu. Zimevimba, nyingine hazitawaka, nyingine zitawaka nusu na kuacha tambara, kile kizibo kinachotenga baruti na marisau, katikati ya mtutu, na risasi inayofuata inakuta njia imezibwa. Mwachie polisi kasha zima pamoja na bunduki.

Ngedere. Najua hasira yake, mama yangu alikuwa analima Mahenge. Lakini ngedere yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumpiga bila kibali ni kesi. Kamwone afisa wanyamapori wa wilaya, mpelekee hesabu ya hasara kwa ekari, na usiende peke yako: nendeni watano wenye mashamba yanayopakana. Mtu mmoja analalamika, watano wanaleta taarifa. Huku mkisubiri, watoto na mbwa na debe la kupiga kelele asubuhi saa 12 na jioni saa 11. Ngedere ana ratiba kuliko mabasi yetu.

*

Habari Mzee. Niko Nairobi, nimeanza kupiga visahani mwaka huu kwa geji 12 ya klabu. Bega linaniuma mpaka siwezi kubeba mkoba. Wenzangu wa kiume wanasema akina dada wachukue 20 au 28. Wewe unasemaje? – Bega la Kulia, Nairobi

Salama dada. Nasema wenzako wanajibu kabla ya kupima.

Teke linatokana na vitu viwili: uzito wa kinachotoka na uzito wa kinachobaki mkononi. Geji 12 ya visahani ina kilo tatu na nusu au zaidi. Ukiipakia risasi ya gramu 24, ile ile inayotumika kwenye mashindano ya Olimpiki, inarusha teke dogo kuliko geji 20 ya kilo mbili na nusu yenye gramu 24 hizo hizo. Marisau ni yale yale, bunduki imepungua kilo nzima, na hiyo kilo bega lako ndilo litakalolipa. Naona klabu wanakupa za gramu 28, au hata 32, kwa sababu ndizo zilizopo kwenye rafu. Waombe za 24, marisau ya namba 7½ kwa Kimarekani, ambayo Mwingereza anaiita namba 7. Hilo la namba uliangalie sana hapo Nairobi, makasha yanatoka pande zote. Namba 6 ya Mwingereza ina milimita 2.6, ya Mmarekani 2.8. Soma milimita, usisome namba.

Halafu muombe mtu apime kitako. Nina hakika kubwa kwamba kile cha klabu kilikatwa kwa mwanaume mrefu, nawe unakifuata kwa shingo, kinakukuta kwenye msuli badala ya kwenye mfuko wa bega. Sentimita mbili zikipungua, nusu ya maumivu inaondoka.

Ukishafika mahali unavunja 20 kati ya 25 bila kuhema, ndipo ujitafutie 28 kwa raha yako, kama utazipata risasi zake Nairobi bila kuuza gari. Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku tangu 1977, na wewe unapiga visahani tu, kwa hiyo huna haja ya risasi za ndege wala sungura, na hiyo inakurahisishia maisha: risasi moja, namba moja, mwaka mzima.

*

Mzee wetu, niko Minnesota, asili yangu Lamu. Jirani amenialika kwenye fezanti na bata mwezi wa kumi. Nina geji 20 mpya ya inchi 3. Naweza kutumia risasi moja kwa wote? Yeye ananiambia bata ni chuma tu. – Mlamu wa Baridini

Jirani anakufundisha vizuri. Tangu 1991 Marekani yote hairuhusiwi kumpiga bata wala batabukini kwa marisau ya risasi, maana ya madini yale yenye sumu. Sababu yake mtu wa Lamu anayekula kuku ataielewa haraka: bata hana meno, anameza changarawe zikae kwenye firigisi zimsagie chakula. Chini ya bwawa lililowindwa miaka mia kumejaa marisau. Anayameza akidhani ni changarawe, firigisi inayasaga, na sumu inaingia kwenye damu. Chembe chache zinatosha kumuua.

Chuma hakina sumu hiyo, lakini ni chepesi. Risasi ina uzito wa zaidi ya gramu 11 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma haifiki 8. Chembe nyepesi inachoka mapema, kwa hiyo unaongeza unene: ulipozoea namba 6 ya risasi unachukua namba 4 ya chuma. Kwa bata na geji 20 yako ningechukua ya inchi 3, chuma namba 3, na ningekaa kwenye matete mpaka washushe miguu kutaka kutua. Ukimpiga bata wa mita 40 kwa chuma cha geji 20 unamfundisha kuogopa tu.

Fezanti ni kuku mwenye mkia mrefu na majivuno. Ruhusa ni jogoo peke yake. Jike akiruka unashusha mtutu, hata kama jirani amepiga kelele. Kwa marisau ya kawaida geji 20 yenye aunsi moja ya namba 6, chembe 225, inamtosha mpaka mita 30. Ila muulize jirani mnapita ardhi ya nani. Zile ardhi za shirikisho za kuzalishia bata, ambazo Minnesota zimejaa na fezanti wanazipenda sana, zinadai chuma au aina nyingine isiyo na sumu hata kwa fezanti. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, unaweza kubeba aina moja: chuma namba 3 kwa wote wawili, ukubali kwamba fezanti wa mbali si wako. Mfukoni usichanganye na za risasi. Askari wa wanyamapori akikukuta bwawani na risasi moja ya madini mfukoni hataki hadithi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kama bunduki ingekuwa ya babu, yenye mtutu mwembamba uliobanwa sana mdomoni, chuma ningekukataza, ningekuambia utafute bismathi, madini laini yasiyo na sumu. Yako mpya, haina neno, ila choki, kile kibano cha mdomo wa mtutu, usikaze kupita ya katikati.

*

Kwa nini risasi za geji 20 ni za njano? Ni urembo? – Mdadisi, Mwanza

Hapana. Na swali fupi hili ndilo nililoliogopa kuliko yote.

Risasi ya geji 20 ukiiangusha kwenye bunduki ya geji 12 haikwami mlangoni wala haianguki chini upande wa pili. Inateleza kidogo mbele, inakamatwa pale chemba inapoanza kubana, inakaa hapo haionekani. Mtu anavuta, hasikii kitu, anafungua, anaona chemba tupu, anasema "nilisahau kupakia", anatia ya geji 12 nyuma yake. Akivuta tena, mtutu unapasuka mahali ambapo mkono wa kushoto umeshika. Ndiyo maana Wamarekani walikubaliana za 20 ziwe njano ili jicho lishtuke. 28 nayo inaweza kufanya hivyo hivyo ndani ya geji 20.

Mwaka 1994 tulikuwa kambi moja ya doria upande wa Rukwa. Tulikuwa na mfuko mmoja wa turubai, na humo risasi za bunduki mbili: 12 yetu, na 20 ya mgeni aliyekuja na kuondoka akatuachia zilizobaki kwa ukarimu. Jioni, kiza kimeanza, fisi kaja karibu na mbuzi wa wanakijiji, mwenzangu akaingiza mkono kwenye mfuko. Mkono ndio uliochagua. Njano ilikuwepo, taa haikuwepo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikupatikana, na safari ya kwenda hospitali ilichukua usiku mzima kwenye gari la samaki.

Kwa hiyo kwangu hakuna mfuko wa aina mbili. Nikiwa na 28 siku hiyo, nyumbani yanabaki mengine yote, na kabla sijatoka nakung'uta mifuko ya koti mezani, binti yangu anacheka. Bunduki ikikataa kulia, mdomo unabaki umeelekezwa mahali salama, nahesabu mpaka 30, nafungua, natoa kila kitu, natazama ndani ya mtutu kutokea nyuma mpaka nione mwanga upande wa pili. Bila mwanga hairudi begani.

*

Ya haraka haraka.

Msomaji wa Tennessee anauliza kama ni kweli bata mzinga anauliwa na 410. Ni kweli, kwa marisau ya tangsteni. Ni mazito kuliko risasi kwa zaidi ya nusu, kiasi kwamba namba 9 yake inapenya mahali ambapo zamani ulihitaji namba 5 ya risasi. Fundi aliyejaribu bunduki yake kwenye karatasi anampata kichwani mita 30. Bei ya kasha ukiitaja nyumbani watadhani umenunua kasha la pete.

Msomaji wa Louisville ana 410 na anataka kumpiga kulungu kwa risasi ya donge moja. Donge la 410 lina robo ya aunsi, au pungufu. Chukua geji 20 yenye donge lake, kulungu afe mara moja, baada ya kusoma kitabu cha jimbo lako kinaruhusu nini.

Na msomaji wa Phoenix, mwenye nyoka anayeingia gereji. Unauliza 410 yenye namba 9 inafaa? Sakafu ya gereji ni zege. Marisau yakipiga zege yanarudi, na wewe, gari na mtungi wa gesi mko humo humo. Ziba upenyo wa chini ya mlango, washa taa kabla ya kuingia, na ukimkuta, funga mlango upige simu kwa watu wanaokamata nyoka. Mjini kwenu wapo. Unasema mkeo anadai huyo nyoka ni kisingizio tu cha kununua bunduki. Barua yako nimeisoma mara mbili, ndugu yangu, na nyoka mwenyewe hukumtaja rangi, urefu, wala siku uliyomwona. Mkeo msalimie.